Kisukari: Kilo za Kupunguza Ziandikwe Kama Dawa

Siku mtu anapoambiwa ana kisukari cha aina ya pili, mengi husemwa kwa mkupuo. Huambiwa ugonjwa huu hauna kupona, vidonge atameza maisha yake yote, sukari na soda aachane nazo. Mwishoni, akiwa ameshapokea metfomini yake dirishani, huongezewa neno la kumsindikiza: ajitahidi na kupunguza uzito. Neno hilo lilistahili kutangulia mengine yote, tena litolewe kama dawa inavyotolewa, yaani kwa kipimo, kwa muda maalumu na kwa ufuatiliaji. Ushahidi uliokusanywa katika miaka kumi na mitano hivi iliyopita unaonyesha kwamba kwa watu wengi ambao ugonjwa wao bado ni mchanga, kilo zikipungua za kutosha, sukari hurudi kwenye kiwango cha kawaida bila kidonge chochote.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na jambo linalowashangaza wengi wenye mashine ya kupimia sukari nyumbani. Mtu amekula chakula cha jioni mapema, akalala, hakutia kitu mdomoni usiku kucha. Alfajiri anajichoma kidole, mashine inasoma 9. Sukari hiyo imetoka kwenye ini lake mwenyewe. Kazi mojawapo ya ini ni kutoa sukari kidogo kidogo usiku ili ubongo usikose nguvu, na insulini ndiyo inayoliamuru lisizidishe. Ini lililojaa mafuta halisikii amri hiyo. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alieleza mwaka 2008 jinsi hali hii inavyojengeka. Mafuta ya ziada kwanza huwekwa chini ya ngozi. Hapo pakijaa, kama ghala lisilopokea tena gunia, yanayobaki hutafuta pa kwenda. Huingia kwenye ini, na ini huyasambaza kwa njia ya damu hadi kwenye kongosho, mahali insulini inapotengenezwa. Mwaka 2011 yeye na wenzake walilipima wazo hilo kwa wagonjwa 11 waliokula kalori 600 hivi kwa siku kwa muda wa wiki nane. Ndani ya siku saba tu, wastani wa sukari yao ya asubuhi ulishuka kutoka 9.2 hadi 5.9. Kongosho lilichelewa zaidi, lakini kufikia wiki ya nane lilikuwa limeanza tena kutoa insulini inavyotakiwa.

Watu 11 ni wachache mno kujengea hoja, na watafiti wenyewe walilijua hilo. Ndipo ukaja utafiti wa DiRECT, uliofanyika Scotland na kaskazini mashariki mwa Uingereza katika zahanati za kawaida za mitaani, chini ya Taylor na Profesa Mike Lean wa Glasgow. Walishiriki wagonjwa 306 wenye uzito uliozidi, wote wakiwa wamegunduliwa na kisukari ndani ya miaka sita, na hakuna aliyekuwa akitumia insulini. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walisimamishiwa dawa za kisukari, wakala chakula cha unga maalumu chenye kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida huku wakifuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya kundi hilo walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Kwenye kundi la matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 4. Zaidi ya yote, matokeo yalifuata kilo. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 ugonjwa wao ulitulia. Walioongezeka uzito, hakuna hata mmoja. Huko Qatar, utafiti mwingine kwa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, waliougua kwa miaka isiyozidi mitatu, ulipata asilimia 61 dhidi ya 12.

Wapo watakaosema uzito hurudi, na kweli hurudi. Katika DiRECT, asilimia 46 za mwaka wa kwanza zilishuka hadi 36 mwaka wa pili, na kati ya waliokuwa wametulia wakati huo na wakaendelea kusaidiwa, ni kama robo tu waliofika mwaka wa tano wakiwa bado hawahitaji dawa. Tusiufiche ukweli huu. Ugonjwa kutulia si kupona, na anayetangaza kwamba amegundua kitu kinachoponya kisukari moja kwa moja anawadanganya wagonjwa. Lakini hakuna anayeidharau dawa ya shinikizo la damu kwa sababu presha hupanda mtu akiiacha. Tunachouliza ni namna ya kumsaidia aendelee nayo. Tena miaka hiyo haikupotea bure: hadi mwaka wa tano, matatizo makubwa ya kiafya katika kundi lililopunguza uzito yalikuwa chini ya nusu ya yale ya kundi jingine.

Hoja nzito zaidi kwetu Afrika Mashariki ni ya wagonjwa wasio wanene. Utafiti uliofanyika Uganda ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili hawakuwa na uzito uliozidi. Huwezi kumwambia kila mmoja wao apungue. Kwa baadhi yao tatizo ni kongosho lisilotoa insulini ya kutosha, na hao kukonda kutawadhuru. Wengine, ingawa mizani haiwahukumu, wana kitambi, na ghala lao limejaa mapema kuliko la wenzao. Taylor alipowapima watu 20 wa Uingereza wenye uzito wa kawaida au uliozidi kidogo, ugonjwa ulitulia kwa 14, baada ya kupungua kilo chache tu. Hivyo kipimo hakiwezi kuwa kimoja kwa wote. Kwa mtu wa kilo 100 lengo linaweza kuwa 15. Kwa wa kilo 70 mwenye kitambi pengine saba zinatosha. Kwa aliyekonda tangu mwanzo, njia hii si yake.

Kuhusu gharama, unga ule maalumu hauna dawa ndani yake. Kinachotenda kazi ni uchache wa nishati, na hapa ndipo ushauri tuliouzoea unapopotosha. Mtu huhamia kwenye dona akaendelea na bonge lilelile la ugali, ilhali dona na sembe vina kalori zinazokaribiana sana. Kalori 850 hazifiki hata za robo kilo ya unga. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120, na vikombe vitano vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja vinakaribia 240. Sahani ya mchicha na maharage yasiyoogelea mafutani, pamoja na ugali wa ukubwa wa ngumi, inapatikana katika nyumba nyingi bila kuagiza chochote Ulaya. Kigumu zaidi ni macho ya watu. Kwetu anayekonda hudhaniwa ana kifua kikuu au virusi, na mwenye kitambi huhesabiwa kuwa mambo yake yako sawa. Ndiyo maana familia inapaswa kuelezwa pamoja na mgonjwa, kwa kuwa anayepika na anayepakua ana sauti kubwa kuliko daktari. Ila kukonda kusikokusudiwa, kunakoambatana na kiu na kukojoa sana, ni dalili ya hatari, na mtu aende hospitali upesi.

Jambo moja lisifanywe kamwe: kujinyima chakula ukiwa unatumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi bila daktari kujua. Sukari inaweza kushuka ghafla ukapoteza fahamu, hata kufa. Hata ugonjwa ukitulia, macho, figo na miguu vipimwe kila mwaka. Ukienda kliniki safari ijayo na kisukari chako hakijafikisha miaka sita, muulize daktari maswali matatu: nipunguze kilo ngapi, kwa miezi mingapi, na dawa zangu zipunguzweje wakati huo. Mwombe ayaandike majibu kwenye kadi yako, mahali palepale anapoandika dawa.