PAKA ATAKAYEPATANA NA MBWA MCHANGA

Leo napenda tuzungumze juu ya paka na mbwa. Labda wako watakaocheka na kusema kwamba hili ni jambo dogo. Lakini mtu ambaye mchele wake umeliwa na panya hacheki.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama vile Kinondoni na Temeke, nyumba nyingi zimekaribiana, na watu wengi hufuga kuku uani. Penye chakula cha kuku, panya hawakosi. Wezi nao wapo, kwa hiyo mtu hutafuta mtoto wa mbwa amlee awe mlinzi. Kisha panya wakizidi, hununua sumu kwa mchuuzi wa njiani. Sumu hiyo haichagui: yaweza kumwua mbwa yule yule aliyelelewa kwa taabu, au kumdhuru mtoto wa nyumbani. Afadhali paka. Ila paka asiyefaa huletwa jioni, na asubuhi ametoroka, au ameuawa na mbwa. Basi tumchagueje?

Kwanza, yafaa tujue sababu ya ugomvi wao. Watu husema kwamba mbwa na paka ni maadui tangu asili. Sivyo kabisa. Mbwa mchanga akiona kitu kidogo kinakimbia, hutamani kukifukuza; paka anayesimama imara hapati taabu nyingi. Tena lugha zao hazilingani. Mbwa atikisapo mkia, mara nyingi ataka mchezo. Paka apigapigapo mkia, amekasirika. Mbwa huinua mguu wa mbele kumwalika mwenzake wacheze. Paka huuona mguu ule kuwa ni pigo. Kwa hiyo mmoja huja kwa urafiki, na mwingine hutoa makucha.

Pili, tuangalie malezi ya paka. Wataalamu wa wanyama wametambua kwamba mtoto wa paka hujifunza ni nani wa kumwamini hasa tangu juma la 2 hata la 7 la maisha yake; na mtoto wa mbwa tangu juma la 3 hata la 12 au 14 hivi. Paka aliyezaliwa katika nyumba yenye mbwa mpole, akazoea kushikwa na watu, humwona mbwa kuwa mwenzake wa nyumbani. Lakini paka shume wa sokoni, aliyekua akifukuzwa na kupigwa mawe, ni vigumu kumgeuza. Wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi.

Tatu, umri wake. Wengi hudhani kwamba mtoto wa paka ndiye bora, kwa kuwa wote wawili watakua pamoja. Neno hilo lina ukweli, lakini lina hatari pia. Mtoto wa mbwa wa miezi 5 ana nguvu, wala hajui kipimo cha mchezo. Aweza kumvunja mbavu paka mdogo bila kukusudia. Wala usimtoe mtoto wa paka kwa mama yake kabla ya majuma 8. Ikiwa mbwa wako ana pupa, tafuta paka aliyekwisha pevuka, mtulivu, aliyewahi kukaa na mbwa. Huyo humfundisha mbwa adabu kwa kofi moja la puani. Rangi yake si kitu.

Kabla ya kumchukua, mjaribu. Paka awe huru chumbani mwake, nawe usimame mlangoni na mbwa mpole aliyefungwa kamba fupi. Paka akipanda mahali pa juu akaketi akitazama, au akifoka kidogo kisha akatulia, huyo ndiye. Akikimbia ovyo na kugonga kuta, mwache. Akimrukia mbwa usoni, mwache pia.

Ukifika nyumbani, siku za kwanza mweke katika chumba chake, mlango umefungwa. Kitambaa alicholalia paka kitie penye malazi ya mbwa, na cha mbwa umpelekee paka, maana wanyama hawa hujuana kwa pua kabla ya macho. Baada ya siku kadhaa waonane, mbwa akiwa kambani; kila atuliapo, mpe dagaa mmoja. Paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, kama vile juu ya kabati, na chakula chake kiwe huko. Desturi ya watu wengi wa mwambao, mbwa kulala uani na paka ndani, yasaidia sana. Wala usiwaache peke yao mpaka umeona majuma mengi ya amani.

Sasa nataja jambo lililo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa hushika paka pia, na dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Wachanjwe wote wawili wafikapo miezi 3, na kurudiwa kama atakavyoagiza daktari wa mifugo. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Wahenga walisema: Paka wa nyumba haingwa. Mfundishe mbwa wako neno hilo angali mchanga, na watakaohama watakuwa panya.