Kidhibiti Chaji cha Betri ya Jua Katika Nyanda za Baridi

Wakazi wa Mbeya na Iringa wanaifahamu vyema baridi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti. Miji hiyo imejengwa juu ya nyanda zenye kimo cha meta 1500 hadi 1700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mara nyingi alfajiri ya Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Huko Kitulo, kwenye uwanda unaozidi meta 2500, sakitu huanguka juu ya majani. Hata hivyo, mchana wa miezi hiyo mara nyingi huwa na anga safi na jua kali. Kwa mtu anayetumia umeme wa jua, hali hizo mbili ni neema, lakini ni neema yenye sharti. Sharti lenyewe limo ndani ya chombo kidogo kinachotundikwa ukutani baina ya paneli na betri, yaani kidhibiti chaji.

Gridi ya taifa imeenea sana vijijini tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, lakini viko vitongoji ambavyo bado hutegemea paneli na betri. Katika zahanati ya kitongoji cha namna hiyo, betri ikiishiwa nguvu usiku, mama hujifungua kwa mwanga wa tochi. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi, bali betri ya risasi iliyochajiwa vibaya huweza kufa katika muda wa miaka miwili. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi wa fizikia na kemia aelewe jinsi betri inavyolindwa.

Kazi ya kidhibiti

Paneli ya kawaida yenye seli 36 huweza kutoa volti 22 hivi inapokuwa haikuunganishwa na kitu, ilhali betri inayochajiwa ni ya volti 12. Iwapo betri imejaa na mkondo ukazidi kuingia, umeme huanza kuyachanganua maji yaliyomo ndani yake kuwa hidrojeni na oksijeni. Maji hupungua, na bamba za risasi hubaki wazi na kuharibika. Kwa upande wa pili, betri ambayo haijazwi kikamilifu siku baada ya siku hufanya fuwele ngumu za salfeti ya risasi juu ya bamba zake. Fuwele hizo zikishakomaa, ni vigumu mno kuziyeyusha tena, na uwezo wa betri hupungua daima.

Kidhibiti huiepusha betri na madhara hayo mawili kwa kufuata hatua tatu. Kwanza, huruhusu mkondo wote wa paneli upite mpaka volti za betri zifikie ukomo uliowekwa, kwa mfano 14.4. Pili, huzishikilia volti hizo kwa muda wa saa mbili hivi, huku mkondo ukipungua polepole kadiri betri inavyojaa. Tatu, huzishusha volti hadi 13.6 hivi, kiasi cha kuidumisha betri bila kuichosha. Aidha, wakati wa usiku volti zikishuka hadi 11.5 au karibu na hapo, vidhibiti vilivyo vingi hukata umeme wa taa ili betri isikaukiwe nguvu kabisa.

Baridi inabadili nini?

Kuchaji betri ni mmenyuko wa kikemikali, na kila mmenyuko wa namna hiyo huenda polepole penye baridi. Ili betri baridi ijae sawasawa, yapasa isukumwe kwa volti nyingi zaidi. Kanuni inayotumika kwa betri za risasi ni kuongeza takriban milivolti 4 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua chini ya 25, na kupunguza kiasi hichohicho joto linapozidi. Betri ya volti 12 ina seli 6, hivyo badiliko lake ni milivolti 24 kwa kila nyuzi moja.

Tuchukue betri mbili za aina moja, ambazo ukomo wake ni volti 14.4 katika nyuzi 25. Betri ya kwanza iko Dar es Salaam katika chumba chenye nyuzi 30. Tofauti ni nyuzi 5, kwa hiyo ukomo wake hushuka kwa volti 0.12 na kuwa 14.28. Betri ya pili imewekwa juu ya sakafu ya saruji huko Mbeya mwezi wa Julai, nayo ina nyuzi 15. Tofauti ni nyuzi 10, kwa hiyo ukomo wake hupanda kwa volti 0.24 na kuwa 14.64. Kidhibiti kilichorekebishwa kwa hali ya pwani kikipelekwa Mbeya bila kuguswa kitasimamisha kazi mapema kwa zaidi ya theluthi ya volti. Taa itawaka, na hakuna atakayeona kosa. Lakini betri haitajaa hata siku moja, na fuwele zitaendelea kujijenga.

Hapo ndipo lilipo sharti la neema iliyotajwa. Baridi huchelewesha uchakavu wa betri: kwa kadirio la kawaida, betri iliyo katika mahali penye nyuzi 10 pungufu huchakaa kwa kasi ya nusu tu. Betri ya Iringa ingefaa kuishi kuliko ile ya pwani, ilimradi kidhibiti chake kimepewa volti zinazostahili.

Kufunga kwa usalama

Kwanza huchaguliwa kidhibiti chenye ukubwa unaotosha. Paneli mbili zenye mkondo wa juu wa ampea 6 kila moja, zikiunganishwa sambamba, hutoa ampea 12. Idadi hiyo huzidishwa kwa 1.25 ili kuacha nafasi ya jua kali, na jibu ni ampea 15. Kidhibiti cha ampea 20 kitafaa. Ikumbukwe pia kwamba baridi huongeza volti za paneli. Paneli zikiunganishwa mfululizo, jumla ya volti zake za asubuhi yenye baridi isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kidhibiti.

Kidhibiti kifungwe ukutani, karibu na betri na katika chumba kilekile, lakini kisiwe juu yake moja kwa moja, kwani mvuke wa asidi huila shaba. Sababu ya kukiweka karibu hufahamika kwa hesabu ya ukinzani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa meta 3 kwenda na meta 3 kurudi, una ukinzani wa omu 0.04 hivi. Ampea 12 zikipita humo, volti 0.5 hupotea njiani. Kidhibiti huziona volti zilizo kwenye ncha zake, wala si zilizo ndani ya betri, hivyo hudhani kwamba ukomo umekwisha kufikiwa. Waya wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa meta moja hupoteza volti 0.07 tu.

Mpango wa kuunganisha ni huu. Paneli hufunikwa kwa blanketi. Betri huunganishwa na kidhibiti mwanzo kabisa, kupitia fyuzi iliyofungwa karibu na ncha chanya ya betri, kisha paneli, mwishoni taa. Wakati wa kufungua, mpango hugeuzwa: taa, paneli, na betri mwisho. Vidhibiti vingi huitambua betri kwanza ili vijue kama mtambo ni wa volti 12 au 24. Kidhibiti kinachopokea paneli kabla ya betri huweza kukosea au kuungua.

Betri yenyewe haina budi kuheshimiwa. Spana ikigusa ncha zake mbili kwa pamoja, mamia ya ampea hupita na chuma huwa chekundu. Kwa hiyo pete na saa za chuma huvuliwa kabla ya kazi. Macho hulindwa kwa miwani. Asidi ikirukia ngozi au macho, huoshwa mara moja kwa maji mengi, na aliyeumia jicho hupelekwa kwa mganga. Hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo chumba kiwe na tundu juu ya ukuta. Katika nchi ya baridi watu huziba matundu na kuingiza jiko la mkaa ndani ili wapate joto. Jiko hilo kamwe lisiwekwe katika chumba cha betri, maana hidrojeni iliyokusanyika hulipuka kwa cheche moja.

Kurekebisha

Kabla ya jambo lolote, aina ya betri ichaguliwe kwenye kidhibiti: ya maji, iliyofungwa, au ya lithiamu. Betri iliyofungwa isipewe volti kuliko zilizoandikwa na mtengenezaji, kwani maji yake hayawezi kuongezwa. Betri ya lithiamu haifuati kanuni ya joto iliyoelezwa hapa, na isichajiwe chini ya nyuzi 0.

Kidhibiti chenye kipimajoto cha nje hujirekebisha chenyewe, mradi kipimajoto hicho kibandikwe ubavuni mwa betri. Kama kipimajoto kimo ndani ya kidhibiti, na kidhibiti kiko kwenye ukuta unaopigwa na jua, kitapima joto la ukuta na kuinyima chaji betri iliyo sakafuni. Pasipokuwa na kipimajoto chochote, mhudumu hubadilisha ukomo kwa mkono mara mbili kwa mwaka: huupandisha mwanzoni mwa Juni na kuushusha baridi inapokwisha. Betri ya maji huongezewa maji yaliyokenekwa, wala si asidi.

Zoezi kwa wanafunzi

Chupa ya maji yenye kipimajoto iwekwe kando ya betri ya shule, na joto lisomwe asubuhi na alasiri kwa muda wa juma moja. Wanafunzi wakokotoe ukomo unaostahili, kisha waulinganishe na ule ulioandikwa kwenye kidhibiti. Baada ya taa zote kuzimwa na betri kupumzika usiku kucha, volti zake zipimwe alfajiri: betri ya risasi iliyojaa huonyesha 12.7 hivi, na iliyobaki nusu huonyesha 12.2. Ikiwa jua liliwaka siku nzima, taa hazikuwashwa jioni, na bado volti hazifiki 12.5, pana sababu ya kukichunguza kidhibiti kabla ya kuilaumu betri.