Pawasoo Inapolowa Petroli Baada ya Kabureta Kusafishwa

Msimu wa mvua ndio wakati pawasoo huhitajika zaidi: mti umeanguka barabarani, au tawi limelalia paa la nyumba. Ndio pia wakati mashine iliyokaa stoo miezi kadhaa hutolewa, ikasafishwa kabureta, kisha ikakataa kuwaka. Kamba inavutwa mpaka bega linauma, petroli inadondoka kwenye ekzosi, na plagi ikifunguliwa imelowa chepechepe. Wengi huambiwa wanunue kabureta mpya. Mara nyingi hakuna haja.

Kwanza ijulikane kama kosa ni la mwashaji. Choki ikiachwa imefungwa baada ya injini kukohoa mara ya kwanza, hata mashine nzima hulowa. Mwenye mashine azime swichi, afungue choki, atoe plagi na kuikausha kwa kitambaa, kisha avute kamba mara kadhaa ili petroli iliyozidi itoke. Hapa ndipo watu huumia. Petroli hiyo huruka kupitia tundu la plagi, kwa hivyo uso ukae kando, waya wa plagi uwekwe mbali na tundu, na pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu. Plagi ikisharudishwa, mashine ihamishwe angalau mita 3 kutoka petroli ilipomwagika, iwekwe chini, breki ya mnyororo ikiwa imeshika, iwashwe bila choki. Ikinguruma na kutulia, kazi imekwisha. Ikilowa tena, kabureta ifunguliwe upya.

Kabureta hii haina boya kama ile ya pikipiki, kwa sababu pawasoo hufanya kazi ikiwa imelazwa ubavu au hata kupinduliwa. Mahali pa boya pana kiwambo chembamba cha mpira. Injini ikivuta, kiwambo hubonyeza wenzo mdogo, wenzo huinua sindano, na petroli hupita. Injini ikitosheka, springi ndogo chini ya wenzo huirudisha sindano kuziba njia. Kitu chochote kinachoizuia sindano kuziba hufurisha injini, na usafishaji unaweza kuleta kasoro hiyo kwa njia kadhaa.

Inayosahaulika sana ni mpangilio wa gasketi. Upande wa wenzo, gasketi hutangulia kugusa mwili wa kabureta, kisha kiwambo, kisha kifuniko. Upande wa pampu ni kinyume: kiwambo kwanza, gasketi baadaye. Fundi akivibadilisha upande wa wenzo, kiwambo hukaribia mno na kuubonyeza wenzo muda wote. Wenzo uliopindwa juu kwa bahati mbaya huleta shida ileile. Katika kabureta nyingi, ncha yake hulingana na sakafu ya chumba chake, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha mashine. Springi nayo iwe imekaa kwenye kishimo chake, si pembeni.

Halafu kuna uchafu. Chembe iliyong'olewa na dawa ya kusafishia inaweza kukwama kwenye kiti cha sindano, na waya uliotumiwa kuzibua hapo huacha mkwaruzo usiotibika. Fundi mwenye pampu ndogo yenye geji anaweza kuiunganisha kwenye mdomo wa petroli na kutazama mshale: ukishuka, na hakuna uvujaji kwingine, sindano haizibi. Kupuliza kwa mdomo kusijaribiwe, petroli ni sumu. Sindano, springi na viwambo huuzwa pamoja kama vifaa vya ukarabati, kwa kawaida kwa bei ya chini kuliko kabureta nzima.

Skrubu za kurekebisha mafuta hufanyiwa kazi mwisho. Kabla ya kuzitoa, mizunguko ihesabiwe na kuandikwa. Ikiwa hesabu imepotea, katika mashine nyingi mzunguko 1 kutoka pale skrubu inapogota taratibu hutosha kuwasha injini, kisha irekebishwe ikiwa imepata moto. Mashine ikirudi stoo, tangi limwagwe na injini iachwe izime yenyewe.