Bwana harusi akichelewa: Swali la Yesu kurudi linavyowagusa vijana wa Kianjai

Septemba 2025 simu zetu zilijaa mwisho wa dunia. Mhubiri mmoja wa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, alikuwa amesema kwamba Yesu alimtokea na kumpa tarehe: unyakuo ungetokea Septemba 23 au 24. TikTok ikawaka moto. Kuna watu waliojirekodi wakisema wameacha kazi, wengine wameuza magari. Alhamisi tarehe 25 ikafika, na pale Kianjai makanga wa matatu za Maua walikuwa bado wanagombania abiria.

Wengi wetu tulicheka. Vichekesho vilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi wikendi. Lakini ukishamaliza kucheka kuna swali linabaki limekaa tu hapo, na si la kipumbavu. Yesu aliondoka karibu miaka 2,000 iliyopita akaacha ahadi kwamba atarudi, na waliomsikia walidhani ni kitu cha leo au kesho. Mbona hajarudi?

Kama hujawahi kufika, Kianjai ni soko lililo kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, huko Tigania Magharibi. Watu wa huku wanaelewa vizuri sana maana ya kuchelewa. Miraa ikishachumwa ina kama siku mbili tu kabla haijanyauka na bei kuanguka, ndiyo maana zile pikapu hupita barabarani kana kwamba zinafukuzwa. Ukimwambia mtu wa huku kwamba kitu kinakuja "hivi karibuni", atakuuliza: saa ngapi?

Na dini huku si mchezo. Wakatoliki wa shirika la Consolata na Wamethodisti waliingia Meru mapema miaka ya 1910, na wengine wakafuata: Wapentekosti, Wasabato, na makanisa ya mabati ambayo spika zake utazisikia kabla hujaliona jengo. Ukiuliza swali hili steji ya bodaboda, ambako kila mtu wa pili anaitwa "pasi" au "mtumishi", utapata majibu mengi kuliko pikipiki zilizopo.

Jibu utakalolisikia kwanza linatoka kwenye barua ya pili ya Petro, sura ya 3. Hapo unagundua kwamba swali lenyewe ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Tayari wakati ule kulikuwa na watu wa kudhihaki, wakiuliza hiyo ahadi ya kurudi imeenda wapi, mbona wazee wanakufa na dunia iko vile vile. Jibu la barua hiyo ni kwamba kwa Mungu siku moja ni kama miaka elfu, na kile sisi tunakiita kuchelewa ni uvumilivu, anawapa watu muda wa kutubu. Kwa hesabu hiyo Yesu ameondoka juzi tu.

Ni jibu zuri, lakini kwangu lina shimo. Dunia ina watu zaidi ya bilioni 8 na kila dakika wanazaliwa wengine ambao bado hawajatubu chochote. Sasa huo uvumilivu utaisha lini? Wazee wa kanisa wanajibu kwamba hapo ndipo utamu wake ulipo: kama angekuja mwaka 1990, wewe unayeuliza hungekuwepo. Sawa. Hilo limenifunga mdomo zaidi ya mara moja.

Vijana wa makanisa ya kiroho wanapenda jibu lingine, la Mathayo 24:14: Injili lazima ihubiriwe kwa mataifa yote kwanza, halafu ndio mwisho uje. Kwa hiyo si Yesu anayechelewa, ni sisi. Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kuhesabu lugha ambazo bado hazina Biblia. Kimeru tayari kinayo, tena ya zamani kiasi kwamba ya shosho yangu imeshikiliwa na mpira wa kufungia miraa. Wengine wanaenda mbali zaidi wakisema waumini wanaweza kuiharakisha siku yenyewe, maana barua ile ile ya Petro inagusia jambo hilo. Lakini Matendo 17:31 inasema Mungu ameshaiweka siku. Sasa imewekwa au inasogezwa? Nimeona watu wakikesha juu ya hilo, na hakuna aliyeshinda.

Wakatoliki hawana presha sana. Katekisimu yao, kifungu cha 674, inasema kurudi kwa Masiha kunangoja hadi watu wa Israeli wote wamtambue. Na kila mwaka wanakuwa na majuma manne hivi ya Majilio kabla ya Krismasi, msimu mzima wa kufanya mazoezi ya kusubiri. Wapo pia wasomi wanaosema sehemu kubwa ya maneno ya Mathayo 24 ilishatimia mwaka 70, Warumi walipoliteketeza hekalu la Yerusalemu, kwa hiyo tusiyasome kama ratiba yetu. Hao ukiwaleta steji watafukuzwa.

Lakini kama unataka kuona watu waliolipa kabisa gharama ya swali hili, angalia Wasabato. Mkulima mmoja Mmarekani, William Miller, alisoma siku 2,300 za Danieli 8:14, akazigeuza kuwa miaka, akapiga hesabu na kufika miaka ya 1843 na 1844. Mwishowe wafuasi wake wakashika tarehe moja: Oktoba 22, 1844. Maelfu walisubiri. Kuna waliokuwa wameacha viazi shambani bila kuvuna, kwa sababu unavuna vya nani? Asubuhi ya tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida. Wengi waliondoka na imani yao ikiwa majivu. Wachache waliobaki wakarudi kusoma upya, wakasema tarehe ilikuwa sahihi ila tukio ndilo walilikosea: Yesu hakupaswa kuja duniani siku hiyo, alianza sehemu mpya ya kazi yake ya ukuhani mbinguni. Kutoka kwa kikundi hicho kukaundwa kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1863.

Unaweza kusema hiyo ni kujitetea tu, na mimi sitakupinga sana. Ila ona walichofanya baadaye. Walikataa kuweka tarehe tena. Mwaka 1906 wamisionari wao walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, na leo wana hospitali pale Kendu na chuo kikuu kule Baraton. Watu walioungua na tarehe ndio wakaja kujenga vitu vinavyochukua miaka. Hadi leo jina lao linasema wanasubiri ujio, lakini wanasubiri wakifundisha manesi.

Wengine wakikosa tarehe hufanya kinyume. Harold Camping wa Marekani alisema Mei 21, 2011. Ilipopita akasema Oktoba 21. Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Kule Kanungu viongozi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu walikuwa wamefundisha kwamba dunia haitavuka mwaka 1999. Ikavuka. Machi 17, 2000 mamia ya wafuasi wakateketea ndani ya kanisa lao, na maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo.

Halafu sisi tukapata Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu ule wa Kilifi, na hesabu ikapita miili 400. Upande wa mashtaka unasema Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International aliwaambia watu wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye alikana mashtaka, na kesi ikaanza kusikizwa Mombasa Julai 2024. Mashtaka ya mauaji peke yake yanataja watoto 191.

Kitu ambacho watu husahau kuhusu Shakahola ni kwamba haikuanza na njaa. Miaka kabla ya msitu, mafundisho yalikuwa kwamba shule ni ya shetani, na hospitali pia. Watoto wakatolewa madarasani. Ukishamwaminisha mtu kwamba hakuna kesho, kwanza anaacha vitu vya kesho: masomo, dawa, kitambulisho. Chakula kinakuja mwisho kabisa.

Hapo ndipo swali hili linanishika mimi binafsi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Wiki hiyo hiyo mhubiri mmoja wa mtaani, mtu mpole tu, aliniambia nisijali, Bwana yu karibu na mbinguni hawaulizi cheti. Alitaka kunifariji. Na kusema ukweli kwa siku chache nilifarijika, maana ni raha kuambiwa kwamba mbio ulizoanguka hazina maana. Miezi michache baadaye Shakahola ikatokea kwenye habari, nikasikia watu wakieleza walichofundishwa juu ya shule, na maneno yalikuwa karibu yale yale. Tangu hapo, mtu akiniambia Yesu anakuja kesho, huwa nauliza watoto wake wanasoma wapi.

Shosho yangu ni Mmethodisti wa miaka yote. Anaamini kabisa Yesu anaweza kurudi usiku wa leo kabla ya chai. Mwaka jana alipanda miche ya makadamia. Nilimtania: "Shosho, hii utavuna wewe au malaika?" Akaniambia nishike jembe niache maneno.

Nilipoenda kusoma mwenyewe, nilishangaa kwamba Yesu hakuficha habari ya kuchelewa. Iko kwenye mifano yake. Mathayo 25, wale wasichana kumi: bwana harusi anachelewa, wote kumi wanasinzia, hata wale wenye busara. Tofauti yao ni moja tu. Watano walibeba mafuta ya ziada. Yaani wajinga ni wale waliokuwa na hakika kwamba anafika mapema! Wenye busara walijipanga kwa usiku mrefu. Sijawahi kusikia mhubiri wa tarehe akiusoma mfano huo hivyo, na sidhani nitasikia.

Luka 12 kuna upande wa pili, na huu ni wa sisi tunaocheka. Mtumishi anaona bwana wake amechelewa, anaanza kupiga wenzake, kula na kulewa. Kwa hiyo kuchelewa kunaweza kukuharibu pia ukiamini hakuna anayekuja kukuuliza chochote.

Na kama unadhani kuacha kazi kwa ajili ya unyakuo kulianza na TikTok, soma barua mbili za Paulo kwa Wathesalonike. Kanisa lile lilikuwa na joto la kurudi kwa Yesu kuliko yote, na ndilo lililokuwa na watu wanaozurura bila kazi wakila kwa wenzao. Kanuni ya Paulo ilikuwa fupi: asiyetaka kufanya kazi, asile. Na yeye ndiye aliyeandika kana kwamba huenda angekuwa hai siku hiyo ikifika. Wasomi wengi wanasema barua hizo aliziandika akiwa Korintho, mji ambao Matendo 18 inasema aliishi kwa Akila na Prisila, wakishona mahema.