Uzi Uliotatana Chini: Maneno Machache ya Cherehani

Mwalimu mmoja wa ufundi aliyeko Tabora ametuletea sentensi ya mwongozo wa cherehani, akitaka kujua kama tafsiri yake yafaa. Sentensi yenyewe ni hii: "Bobini ikitatiza uzi, legeza skrubu yake." Wanafunzi wake walikuwa wakishona mifarishi, yaani vitambaa viwili vyenye pamba katikati, na kila walipogeuza kazi walikuta fundo kubwa upande wa chini. Wakaitii sentensi, wakalegeza skrubu. Mafundo hayakupungua, na mshono uliokuwa mzuri hapo awali nao ukaharibika.

Kosa si la wanafunzi. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Sindano huupeleka uzi wa juu chini ya kitambaa. Huko ndoana huudaka na kuuzungusha kwenye kikasha cha bobini, kisha mkono wa kuvutia uzi huurudisha juu, na nyuzi zote mbili zikafungana ndani ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu usipobanwa barabara haurudi wote, bali hulundikana chini. Fundo basi huonekana chini, lakini mara nyingi chanzo chake kiko juu. Huenda mguu wa cherehani ulikuwa umeshushwa wakati wa kutunga uzi, nao uzi usiingie kati ya visahani vya kuubania. Huenda pia mguu umeachwa juu wakati wa kushona, jambo ambalo ni jepesi kutokea kwa mfarishi, kwani unene wake humfanya mshonaji adhani mguu umekwisha kushuka. Wengine husahau tu kuzishika ncha za nyuzi mbili wanapoanza mshono.

Sasa turudi kwenye lugha. Kitenzi "tatiza" hudai mtendaji, na mfasiri amemtaja: bobini. Imeshitakiwa pasipo kosa. Kitenzi "tatana" hutaja hali tu, wala hakimsingizii mtu, nacho ndicho kifaacho hapa. Na tuseme kwa kupita kwamba mzizi huo ndio uliotupatia utata, tatizo na kutatanisha. Mtumishi aandikaye katika jalada kwamba tatizo limetatuliwa hutumia, pengine bila kujua, lugha ya uzi.

Kuhusu "bobini", wako waliopendekeza "kigurudumu cha uzi" ili neno liwe la kwetu. Hatukubali. Cherehani ina gurudumu tayari, lile lizungushwalo kwa mkono, na neno "cherehani" lenyewe huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Zaidi ya hayo, Tabora si mahali pa kuogopa maneno ya kuja. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Na mizigo ya wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, ilikuwa nguo kwa sehemu kubwa. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani, ikipimwa kwa shuka ya mikono minne na kwa doti ya mikono minane. Pamba nyeupe iliyotoka Marekani iliitwa merikani, na hakuna aliyeitafutia jina jingine. Bobini nayo iachwe.

Neno gumu zaidi ni lile la kiasi cha kubanwa kwa uzi. Baadhi ya tafsiri huandika "mvutano", neno ambalo magazeti yamekwisha kulipa maana ya ugomvi. Sisi twaona "mkazo" ni bora, ijapokuwa walimu wa lugha wanalitumia kwa silabi. Darasani hapo hakuna atakayechanganya silabi na skrubu.

Twapendekeza basi sentensi ile isomeke hivi: "Uzi ukitatana upande wa chini, inua mguu wa cherehani, toa uzi wa juu na uutunge upya, shusha mguu, shika ncha za nyuzi zote mbili, ndipo uanze kushona. Skrubu ya kikasha cha bobini iguswe mwisho, baada ya kujaribu mkazo wa uzi wa juu." Imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. "Mkono wa kuvutia uzi" na "visahani" ni maelezo tu, hayajawa istilahi; mafundi wa vibarazani wana majina yao, nasi twamwomba mwalimu huyo ayakusanye na kutuletea.