Kiyoruba chuoni: kutoka lugha inayochunguzwa hadi lugha ya kufundishia

Lugha ya Kiafrika huingia chuo kikuu kwa namna mbili. Huweza kuwa kitu cha kuchunguzwa tu, sarufi na fasihi yake zikielezwa kwa lugha ya kigeni. Huweza pia kuwa chombo chenyewe cha kufundishia. Historia ya Kiyoruba nchini Nigeria yaonyesha kwamba hatua ya kwanza haileti ya pili yenyewe.

Kiyoruba kilikwisha kuandikwa kabla ya kuwapo vyuo vikuu. Samuel Ajayi Crowther alichapisha msamiati wake mwaka 1843, na mwaka 1875 mkutano uliofanyika Lagos ulipatana juu ya tahajia. Hata hivyo, Chuo cha Ibadan kilichoanzishwa mwaka 1948 chini ya Chuo Kikuu cha London kilifundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1966 vilitoka vitabu viwili vya msingi: sarufi ya Ayo Bamgbose, na uchunguzi wa Adeboye Babalola juu ya ijala, ushairi simulizi wa wawindaji. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza.

Walimu waliotaka kufundisha Kiyoruba kwa Kiyoruba walikabiliwa na tatizo la istilahi. Aliyekizungumza tangu utotoni hakuwa na neno la kutajia kitenzi wala irabu. Njia mbili zilifuatwa. Ya kwanza ni kuambatanisha maneno ya asili: nomino ikaitwa ọ̀rọ̀-orúkọ, yaani "neno la jina", na kitenzi ọ̀rọ̀-ìṣe, "neno la kutenda". Ya pili ni kukopa na kurekebisha matamshi: irabu ikawa fáwẹ̀lì, kutoka Kiingereza. Istilahi hizo zilikusanywa na wataalamu na kuchapishwa katika juzuu mbili, ya kwanza mwaka 1984 na ya pili mwaka 1990.

Wakati huohuo msingi ulijengwa chini ya chuo. Kuanzia mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Ife, chini ya uongozi wa Babs Fafunwa, kilisimamia mradi ambamo watoto walisomeshwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, hesabu na sayansi zikiwamo. Mradi ulidhihirisha kwamba lugha ya mama haikuwarudisha nyuma, hata katika somo la Kiingereza.

Mpaka hata hivyo umebaki: nje ya masomo ya Kiyoruba chenyewe, vyuo vya Nigeria vyaendelea kufundisha kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyo Dar es Salaam pia, ambako Kiswahili, kilichopata idara yake mwaka 1970, hufundishwa kwa Kiswahili huku idara nyingi zikitumia Kiingereza. Nchini Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mihadhara hutolewa kwa Kifaransa. Funzo la Kiyoruba kwa Wakongo ni kwamba istilahi haikomai katika orodha. Hukomaa mwalimu anapoitumia darasani na mwanafunzi anapoiandika katika mtihani.