Gold Wing ya Zamani: Kuichagua na Kuitafutia Nafasi

Honda Gold Wing ni pikipiki ya safari ndefu iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1974 katika maonesho ya pikipiki mjini Cologne, Ujerumani, na kuanza kuuzwa mwaka 1975. Toleo la kwanza, GL1000, lilikuwa na injini ya cc 999 yenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ilipozwa kwa maji. Nguvu ya injini ilifika kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti, hivyo msafiri hakuwa na mnyororo wa kukaza wala kupaka oili njiani. Soko lake kubwa lilikuwa Marekani, na huko ndiko nyingi za zamani zinakopatikana hadi leo. Anayeitafuta ana maswali mawili ya kujibu kwa pamoja: ipi inafaa kununuliwa, na itakaa wapi. Swali la pili husahaulika kwa urahisi, ingawa pikipiki ya umri huu huharibika zaidi kwa kukaa vibaya kuliko kwa kutembea.

Matoleo

GL1000 iliuzwa bila kikinga upepo wala masanduku ya mizigo. Wenye nazo walijifungia vifaa hivyo, na kilichopendwa sana kilikuwa kikinga upepo cha Windjammer, ubunifu wa Mmarekani Craig Vetter. Mwaka 1980 ilifuata GL1100 yenye cc 1085, na aina yake iliyoitwa Interstate ilitoka kiwandani ikiwa na kikinga upepo na masanduku. Mwaka huohuo Gold Wing zilianza kuundwa katika kiwanda cha Honda cha Marysville, jimbo la Ohio. GL1200 ilitoka mwaka 1984 ikiwa na vali zinazojirekebisha zenyewe. GL1500 ya mwaka 1988 ilikuja na silinda sita na uwezo wa kurudi nyuma kwa nguvu ya mota ya starta.

Tofauti ya uzito ni kubwa. GL1000 yenye mafuta ina karibu kilo 300, ilhali GL1500 inakaribia kilo 400. Anayeanza, au atakayelazimika kuisukuma kwa mikono kila siku, ataiweza GL1000 isiyo na masanduku kuliko ndugu zake wakubwa.

Ukaguzi

Muuzaji huombwa asiiwashe pikipiki kabla mnunuzi hajafika. Injini yenye moto tayari huficha ugumu wa kuwaka asubuhi, na ugumu huo mara nyingi hutokana na kabureta. GL1000, GL1100 na GL1200 zina kabureta nne, isipokuwa GL1200 chache zenye mfumo wa kupuliza mafuta. Petroli ikilala humo kwa miaka huacha utando mgumu unaoziba vijitundu, na kuzisafisha zote nne na kuzilinganisha ni kazi ya fundi mvumilivu.

Linaloonekana kama tangi mbele ya kiti cha GL1000 si tangi. Ni kasha la vifaa vya umeme na zana. Petroli, takriban lita 19, iko chini ya kiti. Mnunuzi hufungua mfuniko na kumulika ndani kwa tochi. Akiona kutu, ajue kwamba tangi hilo halitoki kirahisi, kwa kuwa kazi hiyo hugusa hata gurudumu la nyuma.

Matoleo yote ya silinda nne yana mikanda miwili ya meno inayoendesha vali. Mkanda ukikatika, pistoni hugonga vali na injini huharibika. Kwa hiyo mikanda isiyojulikana umri hubadilishwa kabla ya safari yoyote, hata kama pikipiki imetembea kilomita chache. Bei ya mikanda ni ndogo na injini haishushwi.

Umeme unataka uangalifu zaidi. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, kipimo kwenye betri kinapaswa kukaribia volti 14. Kikibaki 12, huenda koili za kuzalisha umeme zimeungua. Katika matoleo ya silinda nne koili hizo ziko nyuma, ndani ya injini, na kuzibadilisha ni lazima injini ishushwe. GL1500 ilipewa altaneta inayofunguliwa bila kuishusha.

Tairi lenye mistari mizuri linaweza kuwa limezeeka. Ubavuni mwake, matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Paipu za breki, sili za foku za mbele na mipira ya kabureta nayo huchakaa kwa umri. Mwisho, namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu lazima ilingane na hati ya umiliki. Pasipo hati, pikipiki nzuri haisajiliki kwa urahisi, na bei ya chini haifidii usumbufu huo.

Nafasi

Kabla ya fedha kutoka, futi kamba huingia kazini. GL1000 ina urefu wa karibu mita 2.3, na GL1500 karibu mita 2.6. Upana hukaribia mita moja masanduku yakiwapo. Upande mmoja unahitaji nafasi ya mtu kusimama na kuipandisha kwenye stendi ya kati bila kubanwa ukutani.

Gereji ya nyumbani yenye kina cha mita 6, ikiwa na gari la mita 4.9, hubakiwa na mita 1.1 tu mbele ya gari. Gold Wing ikiwekwa hapo kwa kukingama itaenea, lakini haitatoka gari lisipoondolewa. Wengine hutumia kitoroli cha chuma chenye magurudumu, ambacho huiwezesha pikipiki kusogezwa kando hadi ukutani. Kibanda cha bustani hupimwa mlango na sakafu pia: mlango wa sentimita 90 unaweza kukataa masanduku, na mbao nyembamba hupasuka kwa uzito unaokusanyika chini ya stendi. Ghala la kupanga la mita 1.5 kwa 3, kipimo cha kawaida Marekani, linatosha, mradi mkataba unaruhusu vyombo vya moto.

Usalama wa moto haupuuzwi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, hivyo pikipiki haikai karibu na hita ya maji yenye mwali wa gesi ulio chini.

Kwa majira ya baridi, tangi hujazwa petroli iliyotiwa dawa ya kuihifadhi, na injini huwashwa dakika chache ili dawa ifike kwenye kabureta. Hili lina maana zaidi kwa petroli yenye ethanoli, ambayo hufyonza unyevu. Betri hufungwa kwenye chaja ndogo inayojizima. Turubai lazima lipitishe hewa, kwani la nailoni lisilopumua hufungia unyevu na kuleta kutu. Chujio la hewa hukaguliwa kabla ya kuwasha tena, maana panya hupenda kujenga humo.

Bajeti ya busara hugawanywa mapema: sehemu ya kununulia, sehemu ya matairi, mikanda, betri na breki, na sehemu ya mahali pa kuiweka. Ikiwa fedha zote zitaishia kwa muuzaji, toleo jepesi au la bei nafuu zaidi ndilo la kuchagua.